Mtu wa Mlangoni

Mwanangu Muteba,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya lazima: unga uko katika mfuko gani, dawa ya malaria iko wapi, maji ya kwenye vituo vya treni usiyanywe. Hapa nilipo namsikia bado anaongea na mabegi yako chumbani, na jua la Jumapili halijazama. Mimi sina la kuongeza kwenye unga na dawa. Ninaandika kwa sababu kuna jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulisema mara tatu wiki hii, na mara ya tatu ulikuwa umekaa mbele yangu, bukari na mboga zikipoa kwenye sahani katikati yetu.

Barua huanza na hali ya mwandishi, basi hii hapa hali yangu. Nachefuka. Nachefuka nikiona majirani wanarudi kutoka stesheni na vitanda vya watu wanaofukuzwa kichwani, vitanda walivyovipata kwa debe la unga, wakicheka kama watu waliotoka arusini. Nachefuka nikisikia vijana wakiimba neno lao lile, bilulu, kwamba watu wa Kasai ni wadudu, warudi kwao kwa treni. Wanawaimbia watu waliozaliwa nao katika hospitali moja na kubatizwa nao kwa maji ya beseni moja. Lakini kinyaa chenyewe hasa nakipata kila asubuhi karakanani, nikikaa kwenye kile kiti chenye mto mwekundu ulioshonwa na mama mkwe wako. Kiti hicho sasa ni changu, maana ndicho kiti cha shefu, mkuu wa karakana. Mto bado umebonyea pale alipokuwa akikaa baba mkwe wako Mukendi kwa miaka kumi na minne, nami najikunja pembeni nisikalie alama yake. Mtu mzima mwenye mvi, nakaa nusu kiti.

Najua wanakucheka huku mtaani. Wanasema mtoto wa Kapenda, Mlunda wa Sandoa, mwenye haki ya kubaki, anafuata sketi ya mwanamke wa Kasai mpaka ndani ya treni. Waache wacheke. Ngalula ni mke wako, na mume hakai anakoshangiliwa huku mke wake anafukuzwa. Katika mambo yote yaliyotokea kwetu tangu mambo haya yaanze, uamuzi wako ndio kitu pekee ambacho hakinichefui.

Sasa tuongee kazi, maana kwa kupitia kazi ndipo nitafika pale ninapoogopa.

Ndugu yake Mukendi amesema kule mnakoenda kuna kiwanda cha bia, na katika boila yake kuna mashine ya kupima gesi ya moshi iliyokaa mwaka mzima ndani ya sanduku kwa kukosa wa kuifunga. Utaifunga wewe. Shule ilikupa hesabu zake, mimi nilikupa bisibisi, lakini yote niliyokupa mimi nilipewa na baba mkwe wako. Siku ya kwanza aliponichukua kwenye kiwanda cha asidi, pale ambapo gesi ya tanuru inapita kwenye bomba kubwa, hakunionyesha hata skrubu moja. Alinisimamisha mbele ya mashine ya zamani akaniambia, "Kapenda, hii masini inapumua sawa mutu. Inavuta, inatoa. Ile yenye inavuta, chunga isikuue. Ile yenye inatoa, chunga zaidi, juu hakuna mutu anaiwaza."

Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikilizwa. Baadaye nikajifunza jinsi alivyokuwa akifanya. Alitafuta ukuta kwanza, kabla ya kufungua sanduku. Aliweka kiganja chake ukutani akanyamaza, na kama feni kubwa ya jirani ilitetemesha kiganja, ukuta ule alikuwa haukubali. Mashine aliiweka usawa wa macho, mbali na mabomba yanayodondosha maji, na kamwe si mahali ambapo mtu atalazimika kupanda ngazi kuisoma. Valvu ya bomba aliifunga kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni, umeme akaukata na kuujaribu kama kweli umekatika. Neli ya kuvutia gesi aliilaza kwa mteremko ili maji yasilale ndani. Kila kiungio alikipaka povu la sabuni akainama kama mtu anayesoma maandishi madogo, akitafuta kipovu kimoja. Na neli ya kutolea, ile ya pumzi iliyokwisha kupimwa, aliipitisha ukutani, ikapanda juu ya paa, mbali na dirisha na mbali na njia ya watu. Chini ya ukuta, karibu na sakafu, aliacha matundu, kwa sababu gesi ya kiberiti ni nzito, hulala chini kama mbwa mlangoni.

Hayo utayakuta pia kwenye kitabu cha mashine. Kuna moja ambalo hutalikuta kwenye kitabu chochote. Mukendi hakuruhusu mtu aingie peke yake katika kile kibanda cha mashine. Mmoja aliingia, mmoja alisimama mlangoni ameushika mlango. Na yule wa ndani alitakiwa aimbe. Wimbo wowote, wa kanisa, wa mpira, wa kuwatukana wakwe, ilimradi sauti itoke. Feni za pale zinapiga kelele, huwezi kusikia mtu akianguka, lakini wimbo wa mtu aliye hatua tatu kutoka kwako unausikia. "Imba, tata," alikuwa ananiambia, akiniita baba kwa heshima. "Sauti ikikatika, niko nakuvuta. Sitauliza kama umechoka ao umesahau maneno." Mara moja kweli nilisahau maneno ya ubeti wa pili, akanivuta kwa mkanda mpaka nje nikaangukia matako. Karakana nzima ilicheka juma zima. Katika miaka yote ile hatukumzika mtu wa kibanda kile, wala hakuna aliyelazwa.

Kisha ikaja asubuhi ile ya getini, unaikumbuka. Vijana walisimama na orodha, na walinzi wakatazama viatu vyao. Mukendi aliambiwa hana kazi tena, arudi kwao, yeye ambaye kwao ni mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alinipa funguo zake mkononi mbele ya watu. Nilizipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea zawadi. Nikikumbuka ile mikono miwili natamani kutema mate.

Wakanifanya shefu. Wiki ya kwanza, tulipokwenda kusafisha ile mashine ya zamani, nilianza kuimba nikiwa ndani, kwa mazoea. Vijana wa karakana wakatazamana. Mmoja akasema, "Shefu, juu ya nini tunaimba tena? Ile njo mambo ya ba-Kasai." Wengine wakacheka. Muteba, nilinyamaza. Nikakata wimbo katikati ya neno. Niliona haya kuonekana mtu wa Mukendi, nikasema, kwa sauti ya shefu, kwamba kweli, sasa tutafanya kazi kama watu. Tangu siku ile hatukuimba, na kwa kuwa hakuna wimbo wa kusikiliza, mtu wa mlangoni naye akaonekana hana kazi, nikampeleka kwingine. Hivyo ndivyo tulivyojikomboa.

Mashine mpya ilikuwa bado ghalani, sanduku ambalo Mukendi alilisubiri miaka miwili. Mkurugenzi aliniita akasema wageni wanakuja. Nikamwambia neli ya kutolea haitoshi, na ile ya shaba iliyokuwa ghalani imeibwa. Kila kitu cha shaba wakati ule kilikuwa kinatembea chenyewe kwenda soko la Manika. Hata mkono wa mlango wa kibanda, wa upande wa ndani, ulikuwa umefunguliwa na kuuzwa. Mkurugenzi hakutaka kusikia. "Bon, weka tu, Kapenda. Bageni banakuya kesho. Neli utamaliza nyuma, bageni bakiisha kwenda."

Nikaweka. Kila kitu nilifunga vizuri, na ninakuambia hili ili ujue kwamba mtu anaweza kufanya mambo tisa sawasawa na la kumi likaua. Ukuta niliupima kwa kiganja. Povu la sabuni nilipaka. Neli ya kutolea ilifika nyuma ya kabati la mashine na kuishia pale, ndani ya kibanda. Niliikata mwisho vizuri kwa msumeno ili wageni wasione imebaki nusu. Na matundu ya chini nikayaziba kwa mbao, kwa kuogopa wezi. Nilijiambia ni siku mbili. Wageni walikuja, wakatazama mshale unacheza, wakaondoka. Siku mbili zikawa mwezi. Mchana mlango ulikuwa unaachwa wazi kwa jiwe, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu zaidi ya kukohoa kidogo.

Jumamosi moja nilimwambia mlinzi aondoe jiwe, afunge, maana wezi. Kibanda kilipumua chenyewe ndani ya chenyewe siku mbili. Jumatatu, Chinyama, jirani yetu, mtu wa kwetu kabisa, akaenda kusoma mshale. Alivuta pumzi nje, akaingia haraka kama tunavyofanya sote, akidhani ni kuangalia tu na kutoka. Mlango ukarudi nyuma yake. Mkono wa ndani ulikuwa Manika, umeyeyushwa. Mtu wa mlangoni hakuwapo, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwondoa. Nilikuwa nakunywa chai kwenye kile kiti.

Nilimkuta mimi mwenyewe. Nilipofungua mlango alianguka juu ya miguu yangu. Rangi ya ndani ya mlango ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha, kuanzia usawa wa kifua kushuka hadi chini. Kile kikohozi unachokisikia kila alfajiri kupitia ukuta wa chumba chako, ambacho mama yako anakiombea, ndicho hicho. Daktari amesema mapafu yake hayatarudi kuwa yalivyokuwa.

Sasa nimefika. Jana nilidhani sitafika.

Mkurugenzi aliuliza ni nani aliyeacha neli ndani. Alinipa karatasi niandike. Mkono wangu, huu huu unaoandika hapa, uliandika kwamba neli ilitayarishwa na shefu wa zamani, tata Mukendi, kabla hajaondoka, na kwamba inaonekana alikusudia kudhuru wenye kubaki. Hayo maneno "alikusudia kudhuru" hayakutoka kwa mkurugenzi. Hakuna aliyenishikia bunduki. Niliyatafuta mwenyewe, nikayapata, nikayaona yanakaa vizuri kwenye mstari. Mkurugenzi alisoma akasema ni vizuri sana. Karatasi ikasomwa getini kwa sauti, na watu wakapiga makofi.

Mukendi alikuwa bado yuko nyumbani kwake. Walikuwa wamemnyang'anya kazi, lakini nyumba walikuwa hawajaigusa, kwa sababu wengi pale mtaani alikuwa amewatengenezea redio na pasi bila kudai kitu. Baada ya karatasi yangu, walikwenda. Unajua kilichofuata vizuri kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyebeba kichwa cha cherehani ya mama mkwe wako mpaka stesheni, na mimi nilijifungia ndani nikisema kichwa kinaniuma. Wiki tatu sasa wamelala pale chini wakisubiri treni. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu ni wewe.

Uliniuliza. Ulisimama hapo mlangoni ukasema, "Tata, ni kweli tata Mukendi alifanya ile?" Sikukujibu ndiyo wala hapana. Nilikuambia karatasi iko kule, ukasome. Jibu la mtu aliyeoza. Na nimeona lilivyofanya kazi ndani yako. Unampelekea baba mkwe wako maji na unga kila siku, lakini unaviweka chini mbele yake ukitazama pembeni. Humsalimii tena kwa mikono miwili. Ngalula ameona, ndiyo maana analia bila kusema analilia nini. Mnaanza safari ya siku nyingi ndani ya behewa moja, na katikati yenu nimewawekea uongo wangu, nao unapumua humo humo ndani kama ile neli.

Mukendi hakugusa sanduku lile. Lilikuwa bado limepigwa misumari siku alipofukuzwa. Neli niliikata mimi.

Jana nilikwenda kwa Chinyama nikamwomba twende kiwandani, mimi na yeye tu. Hakuuliza. Tulitembea polepole, tukisimama kila mahali alipohitaji kuvuta pumzi. Nilikuwa nimepata neli nzuri, nimeibadilisha kwa saa yangu ya mkono, kwa hiyo usiniulize saa iko wapi. Chinyama alisimama mlangoni akaushika mlango kwa mabega yake. Niliingia, nikafunga valvu, nikaondoa mbao kwenye matundu, nikatoboa ukuta, nikapandisha neli mpaka juu ya paa. Na niliimba, Muteba. Niliimba ule wimbo wa kanisa ambao Mukendi aliupenda, pamoja na ubeti wa pili.

Nilipotoka nilimwambia Chinyama yote. Alikaa kwenye lile jiwe la mlango, akavuta pumzi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua. Ile siku ulikata neli, nilikuwa nyuma yako."

Nikamwuliza mbona alinyamaza, mbona aliwaacha watu waende kwa Mukendi.

"Yee alikuwa mutu wa kuenda," akasema. "Weye unabakia. Tunakula pamoja. Ilikuwa mwepesi kumuchukia yee." Akakohoa, akajifuta. "Na ile siku ndani, Kapenda, nilikuita weye. Kwa jina."

Tulirudi polepole, tukisimama kama tulivyokwenda. Nilikuwa nimetarajia anipige, na kama angenipiga ningelala vizuri. Badala yake niligundua kwamba mtaa wetu mzima ni kibanda kile, na kila mmoja anajua neli inaishia wapi, na kila mmoja anakohoa kidogo na kusema ni vumbi. Naudhika na watu wangu, naudhika na lugha yangu nzuri ya getini, na sitaki kukudanganya kwamba kinyaa hiki kitaniisha. Nisingependa kiishe upesi.

Mashauri sina mengi. Ukifunga mashine ya kule, kiwanda kizima kikikucheka, weka mtu mlangoni, na uimbe. Wakikuuliza umejifunza wapi, taja jina la Mukendi kwanza, kisha uendelee na kazi. Jambo zuri likiwa la mtu unayeambiwa umchukie, usilitupe pamoja naye. Mimi nililitupa, na unajua ni mapafu ya nani yaliyolipa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni nakala. Nimeandika upya maelezo ya neli, kwa jina langu, na kusema kwamba yale ya kwanza ni uongo. Kesho asubuhi, vijana wakiwa getini kama kawaida yao, nitaisoma kwa sauti pale pale iliposomwa ile ya kwanza, kabla ya kumpa mkurugenzi. Mama yako anajua. Nyumba hii ni ya kampuni, na anajua pia maana yake; ameanza kufunga vyombo vingine ambavyo si vyako. Usibaki kwa ajili yetu. Ukishuka kwenye treni kwa ajili yangu, utakuwa umenifanya nimwibie Ngalula mara ya pili: kwanza jina la baba yake, sasa mume wake.

Kwa hiyo usinitafute stesheni, sitakuwapo. Ukishapanda, kaa karibu na baba mkwe wako na umsomee barua hii yote, kwa sauti, Ngalula na mama yake wakisikia. Usiruke pale pa chai. Pale pa mikono miwili usiruke pia. Ukimaliza, msalimie kama mkwe anavyosalimiwa. Asiponijibu kitu, usimwombe anijibu. Ana haki ya kuniacha hapo nilipo.

Treni ikija kweli, mtakuwa mnapanda saa ile ile ninaposoma. Getini ni mbali na stesheni, baba mkwe wako hatasikia neno. Mwambie tu kwamba Kapenda yuko ndani, na sauti haijakatika.

Tata yako,
Kapenda